Je, wajua kwa nini damu hudondoshewa mafuta kabla ya kutazamwa kwa hadubini?

Mgonjwa anayesubiri majibu ya malaria katika zahanati ya Moshi, akichungulia dirisha la maabara, aweza kumwona mtaalamu akidondosha tone la mafuta juu ya kioo chenye damu iliyokaushwa na kutiwa rangi ya Giemsa, kisha akishusha lenzi hadi izame ndani ya tone hilo. Wengi hudhani kwamba mafuta hayo huizuia lenzi isikwaruzwe. Wengine, wakiwamo wanafunzi wa sayansi, hushikilia kwamba huikuza picha. Ukuzaji ni kazi ya lenzi zenyewe: ya chini mara 100, ya jicho mara 10, jumla mara 1,000, na hesabu hiyo haibadiliki kwa kutia mafuta. Kinachobadilika ni uwezo wa kutofautisha nukta mbili zilizokaribiana, na uwezo huo ukikosekana, kukuza ni kuupanua ukungu tu.

Mwanga unapotoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda, na miale iliyoinama kupita nyuzi 41 hivi kutoka wima haitoki kabisa, bali hurudishwa ndani. Kwa bahati mbaya, miale hiyo ya pembeni ndiyo ibebayo habari za vitu vidogo zaidi. Hewa iliyo chini ya lenzi ni kama ukingo uliobomoka katika mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, wa Kilimanjaro: maji ya kutosha yametoka mlimani, lakini yanamwagika kabla ya kufika kihambani, yaani shambani kwa Mchaga, na anayeziba pengo haongezi hata tone kwenye chanzo. (Mfano huu una kasoro, kwa kuwa shambani kila tone lina thamani sawa, ilhali kwenye lenzi miale ya pembeni ina thamani zaidi.) Mafuta hupindisha mwanga kwa kipimo cha 1.515, kioo 1.52, hewa 1. Kwa hiyo mwanga huvuka kana kwamba hakuna mpaka.

Kwa kanuni aliyoitoa mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1873, lenzi ya kawaida ya mara 40 isiyotumia mafuta hutenganisha nukta zilizoachana kwa mikromita (elfu ya milimita) 0.4 hivi, ilhali ile ya mafuta hufikia 0.2. Tofauti hiyo si ndogo kwa anayetafuta pete ya kimelea kichanga ndani ya seli nyekundu yenye upana wa mikromita 7.

Zamani yalitumika mafuta ya mwerezi, ambayo yalikuwa na tabia mbaya ya kugeuka manjano na kugandia lenzi. Mafuta ya alizeti, yenye kipimo cha 1.47 hivi, yangeishinda hewa kwa mbali, ingawa hakuna fundi wa hadubini atakayemshukuru mtu kwa jaribio hilo.