Monita mpya ya gemu: maneno ya dukani na ukweli wake

Monita yangu ya zamani haikufa mara moja. Kona ya chini kushoto ilianza kufifia, nikajifanya sioni. Halafu usiku mmoja katikati ya mechi kioo kikawa cheusi tii, huku mtangazaji akiendelea kutangaza kama redio. Niliwasha tochi ya simu nikaimulika kwa ubavu: wachezaji wapo, wanakimbia gizani. "Kioo kizima, kaka, taa za ndani ndizo zimekwisha, na spea yake huipati," fundi akaniambia. Nikaingia Kariakoo kutafuta mrithi. Haya niliyasikia kwa wauzaji na washikaji, na mawili matatu nilikuwa nayaamini mwenyewe.

"Hz zikiwa mara mbili, na raha mara mbili." Hesabu inakataa. Kwenye Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde, kila picha hukaa kiooni milisekunde 16.7. Kwenye 144 hukaa 6.9, kwenye 240 ni 4.2, kwenye 360 ni 2.8. Ukitoka 60 kwenda 144 umeokoa karibu milisekunde 10, na hilo hata mama anayepita sebuleni analiona. Ukitoka 240 kwenda 360 umeokoa 1.4, ila bei haijui hilo. Tena monita haitengenezi picha, inazionyesha tu: kadi ya picha ya kompyuta yako ikitoa fremu (picha) 90 kwa sekunde, utaziona hizo hizo 90 hata kwenye Hz 360. Anayeshindana kwenye Valorant au Counter-Strike 2, ambako kompyuta nzuri hutoa fremu mamia, ana sababu ya kuzitaka. Mwenye PS5 peke yake asijisumbue, maana mashine hiyo inaishia Hz 120.

Na kabla hujatoa hela, angalia mipangilio ya ile uliyonayo. Mshikaji wangu mmoja alitamba na Hz 165 zake kwa miezi. Nilipofungua mipangilio ya skrini kwenye Windows, ilikuwa imeachwa 60. Hakusema kitu. Alibadilisha, kisha akakaa anazungusha kipanya kwenye skrini tupu.

"Milisekunde 1 iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo utakayopata." Namba hiyo, muda wa pikseli kubadili rangi, ni ya hali bora kabisa, na mara nyingi hupatikana kwa kuzisukuma pikseli hadi kiwango cha juu, ambacho ukikitumia kweli utaona kivuli cheupe kikifuata kila kinachokimbia. Paneli (kioo chenyewe) za aina ya VA zina weusi mzuri kuliko za IPS, ila nyingi zikitoka rangi nyeusi kwenda kijivu huburuta wino. OLED, ambazo kila pikseli huwaka yenyewe, hazina tatizo hilo. Pia usichanganye kasi ya pikseli na muda unaopita tangu ubonyeze kitufe mpaka risasi ionekane. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

"Imeandikwa HDR, basi HDR ipo." HDR ni picha yenye mwanga mkali na giza zito kwa pamoja. Stika ya DisplayHDR 400 inataka mwanga ufike niti 400 (niti ni kipimo cha mwangaza), na haidai monita iwe na kanda za taa zinazojizima kila moja kivyake. Matokeo yake, pango lenye mwenge mmoja linawaka lote na giza linageuka kijivu. HDR ya kweli inaanzia kwenye mini-LED, zenye taa ndogo ndogo nyuma ya kioo zilizogawanywa kanda mamia au zaidi ya elfu, au kwenye OLED ambako kila pikseli hujizima yenyewe. Mini-LED nazo zina dosari yao: sogeza mshale mweupe wa kipanya juu ya skrini nyeusi, utaona ukungu wa mwanga ukitembea nao.

"OLED inaungua, usiiguse." Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaoogopa na wanaocheka wote wana nusu ya ukweli. Pikseli za OLED huchakaa kadiri zinavyowaka, na zikichakaa bila usawa, alama ya kitu kilichokaa mahali pamoja hubaki: mstari wa chini wa Windows, ramani ndogo ya gemu, nembo ya chaneli. Watengenezaji wanalijua hilo. Alienware AW3423DW, monita ya kwanza ya gemu yenye paneli ya QD-OLED (aina mojawapo ya OLED), ilitoka mwaka 2022 ikiwa na waranti ya miaka 3 inayohusu hata kuungua huko.

Kinga yake kubwa ni kazi ambayo monita hujifanyia yenyewe. Baada ya saa kadhaa za matumizi, nyingi hupima na kusawazisha pikseli zake kwa dakika chache, wakati umeizima kwa kitufe lakini umeme bado unaingia. Sasa sisi tumelelewa kuzima swichi ya ukutani ili uniti za Luku zisiende bure, na usipozima wewe, umeme utakatika wenyewe. Ukifanya hivyo kila usiku, kazi hiyo haifanyiki. Kwa hiyo mwenye OLED aiache kwenye soketi hadi imalize, ikiwezekana nyuma ya UPS (betri ya akiba). Na ukinunua iliyotoka Dubai, uliza waranti inashughulikiwa wapi, kwa maandishi.

Jambo jingine halisemwi dukani kwa sababu duka lina taa za kupendeza. QD-OLED nyingi zikiwekwa kwenye chumba chenye mwanga mwingi, weusi wake unavuta zambarau. Nukta za rangi ndani ya kila pikseli pia kwa nyingi zimepangwa pembetatu, hivyo kingo za herufi huwa na mstari mwembamba wa rangi. Kwenye gemu huwezi kuliona hilo. Kwenye Excel saa nane kwa siku, utaliona.

Mengine ni mafupi. 4K ina pikseli milioni 8.3 na 1440p ina milioni 3.7, kwa hiyo kadi ya wastani itaumia. Kwenye inchi 27, 1440p inatosha wengi. "Ukiwa na kadi ya NVIDIA lazima ununue monita yenye kifaa cha G-Sync" (cha kuoanisha monita na fremu za kadi) iliisha Januari 2019. Na maandishi "HDMI 2.1" kwenye mlango wa waya wa picha peke yake hayakuhakikishii kitu, kwa kuwa sifa nyingi za toleo hilo ni za hiari. Uliza kama mlango unapokea 4K kwa Hz 120, kisha tafuta waya wenye stika ya Ultra High Speed. Rangi ya dhahabu kwenye ncha haisaidii.

Mimi nina dirisha linalopokea jua la jioni, na mchana nafanya kazi za majedwali kwenye monita hiyo hiyo. Nilichagua mini-LED. Nilibeba laptopu hadi dukani, nikaomba tuzime taa, nikaweka skrini nyeupe, kisha nyeusi, kisha kijani. "Bosi, hiyo mpya kwenye boksi, unakagua nini?" muuzaji akauliza. Kwenye ile nyeusi, upande wa kulia juu, kulikuwa na nukta moja nyekundu isiyozimika. Akainama, akaisugua kwa kidole akidhani ni vumbi, kisha akaenda stoo kuleta nyingine.