Mkanda mweusi si mkanda mweupe uliochafuka
Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ukidai kuwa mkanda mweusi wa judo na karate ulianza ukiwa mweupe, ukageuka kwa jasho na vumbi la miaka mingi bila kufuliwa. Si kweli. Ngazi za dan, yaani vyeo vya waliobobea, zilianza kutolewa katika judo mwaka 1883, na miaka michache baadaye wenye dan wakavaa mikanda iliyotiwa rangi nyeusi. Shule kongwe za sanaa za mapigano za Japani hazikutumia mikanda ya vyeo. Aliyehitimu alikabidhiwa hati.

Mikanda mikuukuu ndiyo huchanganya watu. Utazame wa mwalimu wa siku nyingi: kwenye fundo, nyuzi nyeusi zimelika na weupe wa ndani umetokeza. Jasho nalo huacha umanjano, si weusi. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.