Programu ya kuuza kwenye Linux: maktaba ipi iingie ndani, ipi ibaki nje

Mteja ameshalipa, amesakinisha programu, anaiwasha, na inagoma papo hapo: toleo GLIBC_2.34 halikupatikana. Chanzo chake karibu kila mara ni kimoja. Programu imekompailiwa kwenye mfumo mpya kuliko wa mteja. Glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, huzipa fanksheni zake alama za matoleo. Iliyo mpya huendesha programu za zamani bila shida, lakini ya zamani haiwezi kutoa alama ambayo haikuwahi kuwa nayo. Kwa hiyo kompaili kwenye mfumo mkongwe kabisa unaokusudia kuuhudumia, kisha hakiki kwa amri ya objdump -T alama zinazodaiwa kabla ya kutuma chochote.

Wengi hukimbilia kuunganisha kila kitu kituli, yaani kuingiza maktaba ndani ya faili ya programu yenyewe, glibc ikiwemo. Mimi napinga. Fanksheni kama getaddrinfo hutafuta majina kupitia NSS (sehemu ya glibc inayotafuta majina ya kompyuta na watumiaji), na NSS hupakia moduli zake programu inapoendeshwa, ikitarajia glibc ya toleo lilelile ulilokompailia. Utegemezi uliodhani umeukata bado upo, ila sasa hauonekani kwenye ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji.

Kuna na leseni. Glibc iko chini ya LGPL 2.1, leseni ya programu huria, na kifungu cha 6 kinataka anayeunganisha kituli ampe mteja njia ya kuunganisha upya na maktaba aliyoirekebisha, kwa mfano kwa kumpa faili zako za .o (msimbo uliokwisha kompailiwa lakini haujaunganishwa). Kampuni inayoficha msimbo wake hailipendi hilo hata kidogo. Glibc naiachia mfumo; maktaba nyingine za LGPL mimi huziweka kama .so (maktaba ya pamoja, inayopakiwa programu inapoendeshwa) kwenye folda ya programu yenyewe, na rpath (njia ya kutafutia maktaba iliyoandikwa ndani ya programu) ya $ORIGIN, yaani folda iliko programu, ili zipatikane popote folda itakapohamishiwa. Zlib, maktaba ya kubana data, haina masharti hayo, iingie ndani tu. Libstdc++, maktaba ya msingi ya C++, nayo inaruhusiwa, kwa chaguo la -static-libstdc++.

OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ndiyo inayonifikirisha zaidi. Heartbleed, tundu la usalama ndani yake, ilipotangazwa Aprili 2014, aliyetumia maktaba ya pamoja ya mfumo alisasisha kifurushi, akawasha upya huduma zake, akaziba tundu. Aliyenunua programu yenye nakala tuli ndani hakuwa na la kufanya ila kumsubiri muuzaji. Ukiifungasha ndani, hata kama .so yako mwenyewe, fuatilia matangazo yake ya usalama na uwe tayari kutoa toleo jipya haraka, hata kama msimbo wako haujabadilika mstari mmoja. Timu isiyoweza hilo iache OpenSSL ya mfumo ifanye kazi.