Kisumu hadi Nairobi: Lini Safari Fupi Huwa ya Kimataifa?

Mama mmoja wa Kondele aliingia ofisini kwangu na bahasha ya kaki, akaniwekea mezani tiketi iliyochapishwa na kipande cha lebo ya begi chenye herufi KIS, alama ya uwanja wa ndege wa Kisumu. Alikuwa amekwenda London kumtembelea bintiye, na aliporudi kupitia Nairobi, begi lake lililojaa blanketi na nguo za wajukuu halikufika. Shirika la ndege lilimwandikia kwamba begi lilipotea kati ya Nairobi na Kisumu, katika safari ya ndani ya nchi, kwa hivyo angelipwa kwa kilo, kufuatana na masharti ya safari za ndani. "Wakili, hiyo kweli ni sheria?" akaniuliza.

Sheria haisemi hivyo. Mkataba wa Montreal wa 1999, makubaliano ya mataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo yao, ambao ulianza kutumika Novemba 2003 na ambao Kenya ni mwanachama wake, hauulizi ndege ilivuka mpaka wa nani; unauliza abiria na shirika walikubaliana safari ianzie wapi, ipitie wapi na iishie wapi. Tiketi ya mama huyu ilikuwa moja: Kisumu, Nairobi, London, kisha kurudi. Kituo kilichokubaliwa katika nchi nyingine kinatosha kuifanya safari nzima kuwa ya kimataifa, pamoja na kile kipande cha mwisho ambacho ndege hupanda, ikatoa soda, ikaanza kushuka kuelekea ziwani. Katika ndege hiyo hiyo, abiria wawili waliokaa bega kwa bega, mmoja akitoka London na mwingine akienda mazishini Siaya, wanaweza kuwa chini ya sheria mbili tofauti. Wazo hili lenyewe ni la zamani: lilikuwamo katika mkataba uliotangulia huu, Mkataba wa Warsaw wa 1929, miaka miwili kabla ndege za majini za Imperial Airways hazijaanza kutua hapa Kisumu.

Shirika lilikuwa na hoja nyingine, nami nakiri ina ujanja: kwamba mama alilichukua begi Nairobi kwa ukaguzi wa forodha, kwa hivyo safari ya kimataifa ilikomea hapo. Lakini alilikabidhi tena kwa ajili ya tiketi ile ile, na forodha haina uwezo wa kukata makubaliano ya watu wawili. Hata kama vipande vya safari vingeendeshwa na mashirika mbalimbali, mwenye begi angeweza kulidai shirika la kwanza, la mwisho, au lile lililokuwa na begi lilipopotea.

Kiasi nacho kina mpaka. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, fidia ya mizigo haizidi vizio 1,519 vya hesabu vya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani takriban dola 2,000, na hicho ni kiwango kwa kila abiria, si kwa kila begi. Ni kikomo, si zawadi: hasara lazima ithibitishwe, na ndiyo maana nilimwomba bintiye atafute risiti za zile blanketi.

Tahadhari yangu kubwa ni kwa wanaonunua tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa shilingi chache, moja ya London na nyingine ya Kisumu. Hapo kuthibitisha kwamba pande zote ziliichukulia safari kuwa moja huwa kazi ngumu, na mara nyingi kipande cha Kisumu hubaki peke yake.

Begi likifika limeharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipofika kabisa siku 21 baada ya tarehe lililopaswa kufika, unaweza kudai kama lililopotea. Kesi yenyewe lazima ifunguliwe ndani ya miaka 2 tangu siku ya kufika, na kwa kuwa safari ya mama huyu ilipaswa kuishia Kisumu, anaweza kuifungua hapa Kenya. Tarehe ya mwisho nimekwisha kuiandika kwa wino mwekundu juu ya jalada lake.