Dizeli haifufui raba ya waipa

Ushauri huu ni wa siku nyingi: waipa ikianza kuchafua kioo, paka raba dizeli au mafuta ya taa, italainika. Kwa siku moja mbili huteleza vizuri kweli, ndiyo maana watu wanauamini. Lakini mafuta hayo huvimbisha raba asilia na kuharibu ncha yake, na yanayobaki hupakwa kioo kizima. Usiku, taa za gari linalokuja zikipiga hapo, huoni kitu.

Mara nyingi raba haina kosa. Kioo ndicho kina utando wa moshi wa magari, mafuta ya barabarani na nta ya shampuu ya kuoshea gari. Mwagia maji: yakitandaa sawasawa, kioo ni safi, yakijikusanya matone au kukwepa sehemu fulani, utando upo. Sugua kwa sabuni ya vyombo, suuza, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, usuuze tena.

Sasa inua waipa, utandike taulo juu ya kioo (mkono wa waipa ukiponyoka huweza kukipasua). Futa ncha ya raba kwa kitambaa chenye spiriti kidogo mpaka weusi upungue. Usiikwangue kwa msasa. Ncha ile kali ndiyo inayofuta maji.

Mstari mwembamba ukibaki palepale kila mara, raba imechanika. Hiyo badilisha tu. Ikirukaruka ikienda upande mmoja, kagua kwanza kama mkono umepinda.