Kupunguza kuosha nywele: yasemwayo na yaliyo kweli

Mtu wa Lamu anayetaka kuacha kuosha nywele kila siku hapungukiwi na washauri. Mitandaoni atapata maelezo ya watu wenye nywele nyingine na maji mengine. Nyumbani atapata ya bibi na shangazi, mengi yana faida, machache yanadhuru. Haya ndiyo yanayosikika zaidi.

"Vumilia wiki chache, kichwa kitazoea na kitapunguza mafuta"

Dhana hii ndiyo inayokatisha watu tamaa kuliko zote. Mafuta ya kichwani hutoka kwenye tezi ndogo zilizoshikana na vishimo vya nywele, na tezi hizo huongozwa na homoni. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita hukaa wiki nzima nywele zake zikavu, akibaleghe kichwa kikaanza kung'aa baada ya siku mbili. Tezi hazijui kama jana uliosha au hukuosha. Hazipunguzi kazi kwa sababu umevumilia.

Lakini wako waliopunguza kuosha na kweli wakaona nafuu. Nywele zao hazikwanguliwi tena na sabuni kila siku, kwa hiyo ncha zimelainika na hazikatiki ovyo. Ngozi iliyokuwa ikiwasha kwa ukavu imetulia. Na mara nyingi mtu anayeosha mara chache huosha vizuri zaidi: anasugua ngozi, anasuuza mpaka mwisho. Kwa hiyo tafuta muda ambao kichwa chako wewe kinaweza kukaa bila kuwasha, bila kunuka na bila mba. Ukipita muda huo, hakuna unachopata.

"Mara moja kwa wiki inamtosha kila mtu"

Nyumba moja ya mtaa wa Mkomani inaweza kuwa na dada wawili, baba mmoja mama mmoja, huyu ana nywele za singa na yule za kipilipili. Kwenye unywele wa singa mafuta huteremka upesi kutoka shinani hadi nchani, na siku ya tatu nywele zimelala na kushikana. Kwenye kipilipili kila mkunjo huyazuia, hivyo hubaki karibu na ngozi huku ncha zikikauka. Wa singa ataosha kila baada ya siku moja au mbili. Wa kipilipili atatosheka na mara moja kwa wiki, au mara moja kwa wiki mbili, na huo ndio muda ambao madaktari wa ngozi huwashauri wenye nywele za Kiafrika.

Ikiwa sasa unaosha kila siku, ongeza siku moja tu katikati, kaa hapo wiki mbili, itazame ngozi, ndipo uongeze nyingine. Wakati wa kaskazi, joto linapopanda na jasho halikauki, fupisha muda. Kusi ikivuma, unaweza kuurefusha.

Waogeleaji na wavuvi wana hesabu yao. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Ikikaukia kichwani, nywele huwa ngumu na kukwaruzana. Lowesha nywele kwa maji matamu kabla ya kuingia baharini, maana nywele zilizokwisha kulowa hunywa chumvi kidogo, kisha zisuuze siku hiyohiyo. Shampuu si lazima kila mara.

"Josho lataka sabuni, basi mwanamke wa Kiislamu hawezi kupunguza"

Josho la janaba au la hedhi hutimia kwa maji. Kinachotakiwa ni maji kufika kwenye ngozi ya kichwa na kwenye nywele zote. Katika hadithi ya Bi Umm Salama, mke wa Mtume, Radhi za Allah ziwe juu yake, ilimtosha kujimiminia mateko matatu ya maji kichwani bila kufumua msuko. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, msuko uliokazwa hata maji hayapenyi ndani hufumuliwa. Kitu kilichoganda kinachozuia maji, kama gundi ya wigi, hutolewa kwanza.

Na kwa usafi pia maji matupu si haba: huondoa jasho na chumvi, na mafuta mengi huyaacha mahali pake. Tatizo huja baadaye, mtu anapofunga ushungi juu ya nywele mbichi. Unyevu uliofunikwa katika joto hili huleta harufu na muwasho. Nywele zikauke hadi shinani kwanza. Kufukiza udi kunatia harufu nzuri, hakusafishi.

"Sabuni ya kipande na magadi ni vya asili, havina madhara"

Hapa ndipo Lamu inapotofautiana na kwingine. Maji matamu ya mji hutegemea sana mvua inayohifadhiwa chini ya matuta ya mchanga ya Shela, lakini visima vingi vina chumvi, na vina chokaa inayotoka kwenye mawe ya matumbawe. Sabuni ya kipande ikikutana na kalsiamu na magnesi ya maji hayo, povu linakataa na unatokea utando mweupe usioyeyuka. Utando huo hukaa juu ya nywele, ukaziacha nzito, zinanata, hazing'ai. Mwenyewe anadhani ni mafuta, anaosha tena kwa sabuni ileile, na utando unazidi. Wengi walioshindwa kupunguza kuosha wameshindwa kwa sababu hii.

Shampuu haifanyi utando huo, kwa kuwa imetengenezwa kwa viambato visivyoganda na chokaa. Tena sabuni ina pH (kipimo cha uchachu na ukali) ya 9 hadi 10, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5. Magadi ni makali zaidi: hututumua unywele, maganda yake ya nje yakafunguka, ukakatika wakati wa kuchana. Magadi yabaki jikoni.

Kuondoa utando, changanya kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe katika lita moja ya maji, mimina, ngoja dakika moja, suuza. Usitumie kwenye ngozi yenye michubuko. Maji ya ndimu hufanya kazi hiyohiyo, lakini yasuuzwe kabisa kabla ya kutoka nje, kwa sababu ndimu iliyobaki kwenye ngozi huiunguza ikipigwa na jua. Mwenye maji ya mvua kwenye jabia ayaweke kwa suuzo la mwisho.

Cha asili kinachofaa kweli kipo: majani ya mkunazi. Yana saponini, inayotoa povu na kubeba uchafu. Chukua vijiko vitatu au vinne vya chakula vya majani makavu yaliyotwangwa na kuchungwa, yapige na maji ya vuguvugu mpaka yatoe povu, chuja kwa kitambaa, sugua ngozi kwa maji yake, suuza. Usipochuja, chenga hubaki kichwani siku nzima.

"Mafuta ya nazi hupakwa baada ya kuosha"

Yapake kabla pia. Utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza protini inayopotea kwenye nywele wakati wa kuosha. Sababu ni asidi ya lauriki, ambayo ni ndogo na hupenya ndani ya unywele.

Siku ya kuosha, gawa nywele mafungu manne. Chanua kuanzia nchani ukipanda kuelekea shinani. Paka kijiko kimoja au viwili vya chakula vya mafuta kwenye urefu wa nywele, ngoja nusu saa au ulale nayo. Zimua vijiko viwili vya chai vya shampuu katika kikombe cha maji, mimina kwenye ngozi, sugua kwa ncha za vidole kwa dakika moja au mbili, kucha zisiguse. Povu linaloteremka linatosha kusafisha ncha. Suuza kwa kata baada ya kata mpaka maji yatoke safi. Kondishena iende nchani tu, dakika tatu. Kausha kwa kuminya na leso kuukuu. Taulo gumu huzisokota.

"Kuosha kunanyonyoa nywele"

Mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ukiwa umesuka wiki nzima hazina pa kuangukia, hungoja siku ya kufumua, na hapo unaona fungu linalotisha. Chukua unywele mmoja uutazame kwenye mwanga. Ukiwa na kinundu cheupe upande mmoja, umetoka wenyewe kwa wakati wake. Ukiwa mfupi na hauna kinundu, umekatika, na kosa liko kwenye uchanuaji au kwenye sabuni. Nywele zikirudi nyuma kwenye panja, legeza mistari ya kusukia. Hilo halihusiani na kuosha.

"Mba ni ukavu, dawa yake mafuta"

Mba huhusiana na kuvu aina ya Malassezia, anayeishi kwenye ngozi na kula mafuta yake. Ukipaka mafuta kwenye ngozi yenye mba unamlisha, na ukiendelea kurefusha siku bila kuosha unampa nafasi. Mwenye mba asimamishe kwanza mpango wa kupunguza. Atumie shampuu yenye dawa ya kuvu, ketokonazoli, asilimia 2, aiache kichwani dakika tatu hadi tano, mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne. Mwenye kipilipili mara moja kwa wiki huweza kumtosha. Mba ikitulia, arudi kwenye mpango.

"Ukikaa bila kuosha utapata chawa"

Chawa hawachagui kichwa kichafu wala kisafi. Hupita vichwa vinapogusana. Mapunye ya watoto ni jambo jingine: mabaka yenye magamba, nywele zimekatika pale. Hayo huambukiza, pia kwa kitana na kofia za kushirikiana, na shampuu peke yake haiyaponyi, kwa sababu kuvu wake yuko ndani ya shina la unywele. Mtoto apelekwe hospitali apewe dawa ya kumeza, na ndugu zake wakaguliwe vichwa siku hiyohiyo.