Je, wajua kwa nini mtindi wa dukani haufanani na ule wa bibi?

Mpe mtu mzima kikombe cha mtindi wa dukani. Atakunywa, atashukuru, kisha atasema, "Mzuri, lakini si kama ule wa bibi." Utayasikia maneno hayo kwa aliyekulia Dodoma, utayasikia kwa Mkalenjin wa Bomet anayeikumbuka mursik, maziwa ya kuganda ya kwao, na Mnyarwanda aliyelelewa kwa ikivuguto, mtindi wa Rwanda, atayasema pia. Jibu la haraka linalotolewa siku zote ni kwamba utoto unadanganya, kwamba ukiwa mdogo kila kitu ni kitamu. Mimi silikubali jibu hilo. Utoto una sehemu yake, na nitaieleza, lakini maziwa yenyewe yalikuwa tofauti kwelikweli, na tofauti hiyo inaelezeka.

Kwanza, maziwa yanagandaje? Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87. Kinachobaki ni mafuta, protini, madini, na sukari iitwayo laktosi, ambayo ni karibu asilimia 5. Bakteria wa maziwa wanaila sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki. Sehemu kubwa ya protini ya maziwa, kama asilimia 80, ni kaseini, nayo huelea kwa vipunje vidogo mno ambavyo havishikani kwa sababu vyote vina chaji ya umeme ya aina moja, hivyo vinasukumana. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yana pH, yaani kipimo cha uchachu, ya karibu 6.6. Asidi inavyoongezeka pH inashuka, na ikifika 4.6 chaji ile inakuwa imekwisha. Vipunje vinashikana na kuwa wavu unaonasa maji na mafuta. Ndiyo maana asubuhi ukiinamisha bakuli, maziwa yaliyokuwa yakichezacheza jana usiku yanatikisika kwa pamoja bila kumwagika.

Hadi hapo maziwa yote ya mgando ni ndugu, yawe ya kibuyu au ya kikombe cha plastiki. Yanaachana kwenye aina ya bakteria.

Yogati ya kiwandani inatengenezwa na bakteria wawili wanaopenda joto la nyuzi 40 hadi 45, yaani maziwa yawekwe mahali pa moto ndipo wafanye kazi yao kwa saa chache. Mmoja wao alielezwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, Mbulgaria aliyekuwa akisoma udaktari Geneva, ndiyo sababu jina lake la kisayansi linaitaja Bulgaria. Baadaye Ilya Mechnikov wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, alieneza wazo kwamba maziwa ya kuganda yanarefusha maisha. Mwaka 1919 Isaac Carasso akaanza kuuza yogati Barcelona, na akaipa kampuni yake jina la utani la mwanawe Daniel: Danone. Wateja wa mwanzo waliinunua kwenye maduka ya dawa.

Kwetu hakuna aliyehitaji duka la dawa. Maziwa yaliachwa yagande kwa joto la nyumba, na joto hilo, nyuzi 20 hadi 30 hivi, linawafaa bakteria wengine, hasa Lactococcus lactis na jamaa zake. Hawa hawana haraka. Wanachukua siku nzima, pengine mbili, na baadhi yao hutoa diasetili, kemikali ileile inayoipa siagi harufu yake. Wale wa yogati hutoa zaidi asetaldehidi, yenye harufu kali ya tufaha bichi. Kwa hiyo aliyezoea maziwa mgando anapofungua kikombe cha yogati na pua yake ikamwambia hiki ni kitu kingine, pua imesema kweli.

Sasa kibuyu. Hapa ndipo penye utamu wa habari yote, na hapa ndipo viwanda visipoweza kufika.

Bibi yangu alikuwa na vibuyu vyake vikining'inia ukutani, na mtoto hakuruhusiwa kuvigusa. Kibuyu kikiisha maziwa alikisuuza kwa maji ya moto bila sabuni, akakisugua ndani kwa kijiti kilichopondwa ncha hadi kikawa na nyuzi, akakianika juani mdomo ukitazama chini. Kikishakauka, alichukua kijinga kutoka mekoni, akakizima mwali, akakiingiza kwenye mdomo wa kibuyu na kukizungushazungusha. Moshi ulijaa, yeye akaziba kwa kiganja, akatikisa, akaachia, akanusa. Akiona bado, alirudia. Hakuwa na kipimo kingine zaidi ya pua yake, na maziwa yalimiminwa pale tu pua iliporidhika.

Wakalenjin wana namna yao. Kibuyu chao, sotet, kinatiwa mkaa wa mti wa senetwet, ukasuguliwa ukutani kwa ndani hadi umeshika, na maziwa yakitoka humo baada ya siku kadhaa yana rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Hii ndiyo mursik ambayo wanariadha wa Kenya hupokewa nayo uwanja wa ndege wanaporudi na medali. Wamaasai nao hufukiza vibuyu vyao kwa oloirien, mzeituni wa mwituni. Kila mti una harufu yake, na aliyekulia kwenye moshi wa mti mmoja hadanganyiki kirahisi: ataonja na kukwambia huu si wetu.

Moshi ule ulikuwa na kazi mbili. Ndani yake mna kemikali za kundi la fenoli, zilezile zinazompa samaki wa kukaushwa kwa moshi harufu yake, na hizo huzuia baadhi ya vijidudu vinavyoharibu maziwa. Pia zilibaki kwenye ukuta wa kibuyu na kuingia taratibu kwenye mafuta ya maziwa. Ukuta wenyewe una vitundu vidogo ambamo bakteria wa mgando uliopita walijificha, wakasubiri maziwa mapya. Kwa maneno mengine, kibuyu chenyewe ndicho kilichokuwa hamira. Ndiyo maana sabuni ilipigwa marufuku, na ndiyo maana maziwa ya nyumba hii hayakuwa na ladha ya nyumba ile, hata kama ng'ombe walilishwa pamoja.

Na ng'ombe naye asisahaulike. Maziwa ya ng'ombe wetu wa asili, zebu, yana mafuta ya karibu asilimia 5, wakati ya Friesian mara nyingi ni asilimia 3.5 au pungufu. Mafuta ndiyo yanayobeba harufu. Kiwandani maziwa hupitishwa kwenye mashine inayovunjavunja matone ya mafuta ili yasielee, hivyo ule utando mnene wa juu, tuliogombania watoto wa nyumba nzima, hauwezi kutokea tena.

Sivilaumu viwanda. Mtindi wa Tanga Fresh au wa ASAS unapaswa kufika Dar es Salaam ukiwa salama, na ladha ya leo iwe ya kesho. Ili hilo liwezekane, maziwa hupashwa moto kuua karibu vijidudu vyote, wabaya kwa wema, kisha hutiwa bakteria waliochaguliwa. Yale ya yogati hupashwa hadi nyuzi 85 au 90, ambapo protini nyingine za maziwa hubadilika umbo na kushika maji vizuri zaidi. Matokeo yake ni ulaini usiotoa maji. Mgando wa nyumbani ulitoa maji ya manjano juu, na wapo tuliokuwa tukiyafyonza kwanza kabla ya kijiko. Kinachonikera kwenye bidhaa nyingi za siku hizi ni sukari. Wamejaza sukari na harufu ya stroberi hadi uchachu wenyewe, ambao ndio roho ya mgando, umezama.

Hiyo ndiyo sehemu ya maziwa. Sehemu ya ubongo inahusu njia ambayo harufu hupita. Tunachokiita ladha, kwa kiasi kikubwa, ni harufu inayopanda puani kutokea nyuma ya koo wakati tunatafuna na kumeza. Taarifa za macho na masikio hupitia kwanza kituo cha kati cha ubongo kabla ya kusambazwa. Harufu haipitii huko kwanza: inaelekea karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden waliwachokonoa wazee kumbukumbu zao kwa maneno, kwa picha na kwa harufu. Maneno na picha ziliwarudisha zaidi kwenye ujana wao. Harufu ziliwarudisha nyuma zaidi, kabla ya kutimiza miaka kumi.

Na ubongo huanza kujifunza harufu na ladha mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliupokea uji wenye ladha ya karoti kwa furaha zaidi kuliko wengine. Fikiria basi mtoto ambaye mama yake alikula ugali kwa mtindi wa kibuyu mimba nzima, akanyonya, akaachishwa ziwa kwa mtindi uleule. Kufikia darasa la kwanza, moshi ule ulikuwa umeshakuwa sehemu ya maana ya neno chakula.

Ubongo haubagui chombo, lakini. Wakenya waliosoma shule ya msingi baada ya mwaka 1979 hukumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa shuleni katika pakiti za umbo la piramidi kwa amri ya Rais Daniel arap Moi. Yalikuwa ya kiwandani kabisa, na hayakugandishwa, lakini watu wazima huyazungumzia kwa sauti ileile tunayozungumzia vibuyu. Mtoto wa leo wa Sinza, Dar es Salaam, au wa Kayole, Nairobi, naye atakuja kuitamani stroberi yake.

Kwa anayetaka kuukaribia ule wa bibi, inawezekana. Tafuta maziwa ya zebu kwa mfugaji, na uyachemshe, hilo halina mjadala: maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na bruselosi, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, na uchachu peke yake si wa kutegemewa kuviua. Yaache yapoe hadi yawe vuguvugu kidogo tu. Omba vijiko viwili vitatu vya mgando kwa mtu anayegandisha nyumbani, kwa sababu kijiko cha yogati ya dukani kitakupa bakteria wa joto na harufu ya tufaha. Kibuyu kifukizwe kwa mti uleule wa kwenu, usichukue wowote uliopo. Mimina, funika, kiweke pasipo na jua wala friji, na usikitikise kabla ya siku kupita.